Msizisingizie Lugha za Waafghani

Katika baraza moja ya washairi, baada ya sala ya isha na kahawa ikiwa bado inazunguka, kijana mmoja kutoka Makunduchi alisimama akasoma shairi lake kwa lugha ya kwao, ile ambayo wenyewe huiita Kikae. Lilikuwa shairi la kisima kilichokauka. Vina vilisimama, mizani haikupwaya, na palikuwa na maneno mawili matatu ambayo sisi wa mjini hatukuyajua, tukayaonea wivu. Aliyeketi ubavuni mwangu, mtu msomi na mwenye heshima zake, ambaye simtaji kwa kuwa wali wa usiku ule tuliula kwake, hakulisifu shairi wala hakulitia ila. Alisema tu: "Mambo haya ndiyo yaliyoiangamiza Afghanistan. Kila bonde na lugha yake, na mwisho wake bunduki." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami, kwa haya na kwa ule wali, nikanyamaza.

Nilikosea kunyamaza. Tangu usiku ule nimelisikia neno hilo mara nyingi, kwa sura mbalimbali, na daima kutoka vinywani mwa watu wanaodai kuipenda lugha yetu. Afghanistan imekuwa zimwi la kutishia watoto. Ukitaka lahaja ya bibi yako isomwe hadharani, utaletewa Kabul. Ukiuliza kwa nini neno la Kipemba limefutwa katika mswada wako, utaletewa Kandahar. Hakuna anayetaja jina la mshairi hata mmoja wa huko, wala hakuna anayejua lugha hizo zinazolaumiwa ni zipi. Basi nawaomba wahariri wanivumilie niyaseme leo niliyoyameza pamoja na kahawa.

Mimi si mwanachuoni. Shule niliiacha darasa la saba. Kiarabu nilikipata chuoni kwa maalimu, Kiingereza nikakipata katika kamusi, na Kiajemi hiki kidogo nilichonacho nimekiokota kwa miaka ishirini, diwani juu ya goti moja na kamusi juu ya goti la pili. Kipashto sikijui ila kwa mlango wa nyuma, yaani kwa tafsiri za wengine. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanivua kilemba kwa jambo ambalo nimelivua mwenyewe.

Tuanze na nchi. Lugha mbili kubwa za Afghanistan ni Kipashto na Kidari. Kidari ni Kiajemi, ndugu wa damu wa kile cha Tehran na kile cha Dushanbe. Jina lenyewe ni la kale, na wengi hulifasiri kuwa ni lugha ya baraza la wafalme. Lakini katika katiba ya nchi hiyo liliingia mwaka 1964, serikali ilipotaka lugha ya nusu ya raia wake isinukie nchi jirani. Wapo Waafghani mpaka leo wanaosema lugha yao ni Farsi na hukasirika ukiwasahihisha. Mwaka 2017 idhaa ya BBC ilipoupa ukurasa wake wa Waafghani jina la Kidari, lilizuka zogo kubwa miongoni mwa wasomaji wake. Kipashto nacho ni cha ukoo huohuo wa lugha za Kiirani, ila ni cha tawi la mashariki, na msemaji wa Kidari asiyejifunza hakielewi. Kinayo herufi moja ambayo mtu wa Kandahar huitamka karibu na "sh" na mtu wa Peshawar huitamka karibu na "kh", hata jina la lugha likawa Pashto huku na Pakhto kule. Herufi haikubadilishwa. Huandikwa vilevile, na kila mmoja huisoma kwa ulimi wake. Sisi tuliogombana juu ya "mato" na "macho" tungaliweza kuketi na watu hawa tukajifunza adabu.

Baada ya hizo mbili kuna Kiuzbeki na Kiturukimeni upande wa kaskazini, Kibalushi katika jangwa la Nimruz, Kipashai mashariki, na lugha za Nuristan na za Pamir milimani. Katiba ya mwaka 2004, katika kifungu cha 16, ilizitaja zote sita, ikasema kila moja iwe lugha rasmi ya tatu pale inaposemwa na walio wengi. Lilikuwa jambo jema, na tangu Agosti 2021, Taliban waliporudi madarakani, katiba hiyo imewekwa kando. Lakini hata katika wema wake mshairi angeona kasoro. Hakuna lugha iitwayo Kinuristani. Ziko kadhaa, Kikati, Kiwaigali, Kiashkun, Kiprasun, katika mabonde ambayo watu wake walisilimishwa kwa upanga wa Amiri Abdur Rahman mwaka 1895 na 1896. Wala hakuna lugha iitwayo Kipamiri. Kuna Kishughni, kuna Kiwakhi, kuna Kimunji, kuna Kiishkashimi. Sheria iliyokusudia kuziheshimu lugha ilizitia kapu moja kama dagaa.

Na idadi ya wasemaji? Sensa ya mwaka 1979 ilikatizwa na vita kabla haijakamilika, na tangu hapo haijafanyika nyingine iliyoenea nchi nzima. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia ya Wapashto na asilimia ya wasemao Kidari, muulize kazihesabu lini. Asilimia hizo ni makisio, na kila mwenye kukisia huwa na shamba analolipigania.

Sasa nije kwenye neno la yule bwana. Ati lugha nyingi ndizo zilizoleta bunduki. Bunduki za Desemba 1979 zilikuja na jeshi la Kisovieti, na jeshi hilo halikuvuka mto Amu kwa ajili ya sarufi. Za mwaka 2001 zilikuja na Wamarekani. Katikati yake, sitaficha, kuna miaka ambayo hoja ya yule bwana ina mashiko: mwaka 1992 hadi 1996 makundi yaliyougombania mji wa Kabul yalijipanga kwa kiasi kikubwa kwa kabila na kwa lugha, na mtu aliweza kupoteza roho yake kwa namna alivyotamka jina la mtaa. Haya yalitokea. Lakini tazama mtaa wa Afshar, Februari 1993. Waliouawa pale walikuwa Wahazara, ambao lugha yao ni Kidari, chenye utamu wa maneno ya Kituruki na ya Kimongolia ndani yake. Na miongoni mwa waliowashambulia walikuwamo wasemaji wa Kidari kama wao. Lugha moja haikuwa ngao. Na kama twataka ushahidi wa karibu, tusiende mbali hivyo. Somalia karibu watu wote husema Kisomali, na tangu mwaka 1991 imeonja yale iliyoyaonja. Rwanda mwaka 1994 aliyeua na aliyeuawa waliitana kwa Kinyarwanda. Nani amesimama barazani akasema kwamba lugha moja ndiyo iliyoiangamiza Rwanda?

Kilichoiumiza Afghanistan katika jambo hili ni dola iliyoishika lugha kama bakora. Katika miaka ya 1930 serikali ya kifalme iliamuru watumishi wake wajifunze Kipashto, wazee waliokwisha kuota mvi katika madaftari ya Kiajemi wakaketishwa madarasani. Na nasaba yenyewe ya kifalme, ingawa ilikuwa ya Kipashto, majumbani ilizungumza zaidi Kidari! Amri haikuwaongezea Wapashto wa mashambani shule wala vitabu. Iliwaongezea kinyongo cha majirani. Kipashto kilipata chuki ambayo hakikuitafuta. Mwaka 1978 wakaja makomredi, wakaziinua Kiuzbeki, Kiturukimeni, Kibalushi na Kinuristani kwa amri nyingine, magazeti yakachapwa, na huku magereza yanajaa waandishi. Huo ndio mchezo wa dola na lugha: mkono mmoja unatoa kalamu, mwingine unamchukua mwenye kuandika.

Kichekesho kikubwa ni kile cha neno la chuo kikuu. Kwa Kipashto ni pohantun, kwa Kidari ni daneshgah. Yote mawili yana maana ileile, mahali pa maarifa. Katiba ile ya 2004 ilisema istilahi za kitaifa zilizokwisha kuzoeleka zihifadhiwe, na mwaka 2008 wizara ya habari na utamaduni ikawaadhibu waandishi wa habari wa Balkh kwa kosa la kusema daneshgah. Balkh! Mji ambao Waafghani wote hujivunia kuwa ndio wa Mawlana Jalaluddin, ambao Kiajemi kiliimbwa ndani yake karne kumi kabla ya wizara kuzaliwa. Vibao viliandikwa, vikang'olewa, vikaandikwa tena. Kisha ikafika Desemba 2022, na wanawake wakafungiwa vyuo vikuu vyote. Msichana aliyesoma pohantun na msichana aliyesoma daneshgah walirudishwa nyumbani siku moja. Miaka yote ile wanaume wazima waligombania jina la mlango, na siku mlango ulipofungwa hawakuwa na neno la pamoja la kuukemea.

Iko hoja nyingine, nayo naiona mbaya zaidi kwa kuwa husemwa na watu wa adabu. Ati Kidari ni lugha ya waridi na bulibuli, Kipashto ni lugha ya bunduki. Kwa kuwa viongozi wengi wa Taliban husema Kipashto, basi lugha nzima imevikwa kilemba chao. Ningependa wenye kusema hivi waniambie Rahman Baba walimweka wapi, yule faqiri wa karne ya 17 ambaye mashairi yake wanawake wasiojua kusoma waliyahifadhi pamoja na sala. Kaburi lake lililoko Peshawar, katika nchi ya Wapashto wenyewe, lilitegwa baruti likalipuliwa Machi 2009. Kama Kipashto kingekuwa lugha ya baruti, baruti ingemstahi mshairi wake mkubwa. Waniambie pia wamemweka wapi Khushal Khan Khattak, aliyefungwa na mfalme Aurangzeb katika miaka ya 1660 akaugeuza upweke wa gereza kuwa diwani. Na Abdul Ghaffar Khan, aliyewakusanya Wapashto kwa maelfu mwaka 1929 wakala kiapo cha kutoinua mkono dhidi ya Mwingereza aliyewapiga, na mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanzisha jarida la Kipashto.

Lakini hoja yangu kubwa si wanaume hao. Ni landay.

Landay ni shairi la Kipashto la mishororo miwili. Mshororo wa kwanza una mizani 9, wa pili 13, jumla 22, na mwisho wake sauti huangukia kwenye "ma" au "na". Halina vina kama vyetu. Halina mwenyewe, husemwa kisimani, arusini, msibani, na mara nyingi aliyelitunga ni mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote. Neno lenyewe lina maana ya kitu kifupi, na pia ni jina la nyoka mdogo mwenye sumu. Katika mizani 22 mwanamke humcheka mume mzee aliyeozwa kwake, humwita mpenzi gizani, humtukana askari aliyekimbia vita. Hadithi ya Wapashto husema kwamba huko Maiwand, Julai 1880, majeshi yalipolegea mbele ya Waingereza, msichana aitwaye Malalai alivua shela akaifanya bendera na kusema landay, wanaume wakarudi vitani. Kwa jina lake aliitwa Malala Yousafzai, ambaye lugha ya mama yake ni hiyohiyo inayoitwa ya bunduki. Profesa Bahauddin Majruh, aliyeandika kwa Kidari na kwa Kipashto, alizikusanya tungo hizi za wanawake katika mabonde na katika kambi za wakimbizi, na Februari 1988 akauawa kwa risasi mlangoni kwake Peshawar.

Nimejaribu kuzifasiri kwa Kiswahili na nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyofaulu. Sikio letu limezoea nane kwa nane. Likikuta tisa huona kama ngazi iliyokatika. Ili msomaji ahesabu kwa vidole, nimetunga mfano wangu mwenyewe, ambao si wa mwanamke yeyote wa Nangarhar na wala sidai una sumu yao:

Kalamu wamenipokonya,
ulimi u kinywani hawajauona.

Tisa, kisha kumi na tatu. Mwenye kuweza vizuri zaidi na aweze, ukurasa huu ni wa wote.

Sheria iliyotangazwa na Taliban Agosti 2024 imeihesabu sauti ya mwanamke hadharani kuwa ni jambo la kufichwa. Mwaka 2025 ikafuata sheria ya kusimamia mikutano ya mashairi, inayokataza mashairi ya mapenzi na kuyakosoa maagizo ya kiongozi. Yatafakari haya kwa Kipashto. Lugha inayodaiwa kuwa ndiyo inayotawala imekatazwa kusema kile kilichokuwa chake hasa, tungo fupi za wanawake juu ya mapenzi na juu ya woga wa wanaume. Sijui ni adui gani wa Kipashto ambaye angeweza kukifanyia ubaya mkubwa kuliko huo. Na upande wa Kidari msiba ni huohuo. Mjini Herat, mwaka 1996 hadi 2001, wanawake waliingia katika darasa la cherehani huku daftari za ushairi zikiwa chini ya vitambaa. Mmoja wao, Nadia Anjuman, alichapisha diwani yake mwaka 2005, na Novemba mwaka huohuo akafariki baada ya kupigwa na mumewe. Aliyemnyamazisha alikuwa wa lugha yake na wa nyumba yake.

Herat hiyohiyo, mwishoni mwa karne ya 15, iliishi na mjadala wa lugha ambao mimi huutamani. Alisher Navoi, waziri na mshairi, aliona wenziwe wa Kituruki wanatunga kwa Kiajemi tu na kuionea haya lugha ya mama zao. Mwaka 1499 akaandika kitabu cha hukumu baina ya lugha mbili, akaorodhesha vitenzi mia moja vya Kituruki ambavyo, kwa maoni yake, Kiajemi hakina vya kulingana navyo, vikiwamo vya namna mbalimbali za kulia. Kilikuwa kitabu cha ubishi, tena ubishi mkali, na pengine si wa haki kila mahali. Na mtu huyohuyo alikuwa na diwani nzima ya Kiajemi, akijiita Fani, na rafiki yake na sheikh wake alikuwa Jami, bingwa wa Kiajemi wa zama zile. Walipingana kwa tungo. Hakuna aliyeng'oa kibao cha mwenziwe. Uzoefu huo haukufa pia: Ahmad Zahir, Mpashto mwana wa waziri mkuu, aliimba zaidi kwa Kidari mpaka alipofariki mwaka 1979, na wasemaji wa lugha zote mbili bado wanamlilia.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa visiwani? Bandari, nahodha, serikali, diwani, bustani, dirisha, rangi, pamba: maneno haya tumeyapata kwa Waajemi, na anayesema Kidari angeyatambua mengi yake bila mkalimani. Siku ya Nairuzi ambayo Makunduchi huogea mwaka ni binamu wa Nauruzi ya Mazar-i-Sharif, ambayo Taliban wameiondoa katika sikukuu za serikali tangu mwaka 2022. Na Wabulushi waliletwa kwetu kuwa askari wa masultani. Mtaani kwetu alikuwapo mzee wa Kibulushi, seremala, aliyekuwa amebakiwa na kuhesabu tu kwa lugha ya babu zake. Alipopima ubao alihesabu kwa Kibalushi mpaka ishirini, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Tulimcheka, watoto wapumbavu. Lugha hiyo Nimruz bado ina mashairi marefu ya vita na ya mapenzi, nasi tulikuwa na mtu mlangoni mwetu ambaye hatukumwuliza hata ishirini na moja ni nini.

Nami nimeonja bakora ndogo ya aina hiyo. Mswada wangu wa tafsiri ulirudishwa na mchapishaji mmoja ukiwa umechorwa wino mwekundu kila palipokuwa na neno la Kipemba, na pembeni yameandikwa maneno mawili: si sanifu. Kiunguja cha mjini kilipochaguliwa na mkutano wa wakoloni mwaka 1928 kiwe msingi wa vitabu vya shule, kilichaguliwa kwa ajili ya vitabu vya shule. Mshairi hakuulizwa, na hakuna sheria iliyomtaka afe nacho. Nakikubali katika gazeti na katika hukumu ya mahakama. Anayeniletea Afghanistan ili anifutie neno la mama yangu ananidanganya juu ya Afghanistan, na pengine anajidanganya juu ya wino wake.

Yule bwana wa wali tumeonana tena, na hatujakatana salamu. Ameniahidi jibu katika toleo lijalo, nalisubiri. Shairi la yule kijana nimelinakili kwa mkono wangu. Kulikuwa na maneno matatu sikuyajua, nikamwandikia kumuuliza, na jibu limefika juzi kwa dereva wa daladala. Mawili aliyapata kwa bibi yake. La tatu bibi yake naye hajui maana yake. Alilisikia kwa bibi yake yeye, kisimani, nalo lilikuwa likisemwa wakati ndoo inapoanza kupanda.